Sajini Joanitha na Bastola Isiyo na Magazini

Sajini Joanitha hakupenda bunduki. Aliwaambia hivyo hata wakuu wake siku alipopangiwa kutunza silaha, nao wakaona kwamba mtu wa namna hiyo ndiye hasa anayefaa kukaa na funguo. Alizaliwa Kanyigo, karibu na mpaka wa Uganda, na vita vilipopita kwao mwaka sabini na nane alikuwa bado msichana wa shule ya msingi. Alichokumbuka kuhusu bunduki ni kukimbia na godoro kichwani huku mama yake akimkemea kwamba anaburuza shuka.

Alichopenda ni vitu vinavyofunguliwa vikawa vipande, vikafutwa, vikapakwa mafuta, kisha vikarudi kuwa kitu kimoja. Utotoni alifungua taa ya chemli, akafungua kufuli la kanisa, na kufuli la kanisa likamletea matatizo. Hakuna aliyewahi kumpa saa aifungue. Polisi wakampa bunduki, akaona ni hivyo hivyo.

Alipohamishiwa Kigoma alipanga chumba mtaa wa Mwanga, nyuma ya fundi cherehani, akapangiwa kituo kidogo cha ufukweni ambacho leo hakipo tena. Chumba cha silaha kilikuwa na mlango wa chuma, meza, balbu moja, na harufu ya mafuta ambayo ilimfuata mpaka kwenye khanga. Asubuhi majirani walimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," naye akaitikia kwa Kihaya, na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na nia njema, salamu zilifika.

Mwishoni mwa mwaka tisini na sita vita viliwaka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na watu wakaanza kuvuka. Walikuja kwa maboti ya mbao yenye injini, kwa mitumbwi, na wengine kwa vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu asingevivukia hata mto. Walishuka na mbuzi, na vichwa vya cherehani, na mzee mmoja alishuka na mlango wa nyumba yake, kwa hoja kwamba nyumba wataichoma lakini mlango ni wa mninga. Katikati yao walikuwemo wanajeshi waliokwisha kuvua sare, ila buti hawakuvua. Agizo lilikuwa fupi: mwenye silaha aiweke chini kabla hajapiga hatua ya pili mchangani. Kazi ya Joanitha ilikuwa kuziokota.

Ndipo alipokutana na Mzee Dismasi. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mvi masikioni, na kule kwao Baraka alikuwa na cheo cha ajida, kama sajini meja wa kwetu, katika jeshi. Alishuka akiwa amemshika mkono mkewe, Mariana, ambaye ziwa lilikuwa limemchafua tumbo njia nzima na hakutaka kuongea na mtu. Dismasi akamwendea Joanitha na kitu kilichofungwa ndani ya kitenge.

"Shikamoo mzee," alisema Joanitha, kwa sababu mtu akiwa na silaha heshima haipungui.

"Marahaba, mama. Nakuletea hii. Uishike polepole, iko nzito."

Ndani ya kitenge kulikuwa na bastola ya Kibelgiji, ya zamani, mwili wote chuma. Rangi yake nyeusi ilikuwa imelika kwenye kingo ikabaki nyeupe ya chuma chenyewe, kama ncha ya jembe lililolimiwa sana. Mshikio ulikuwa wa mbao iliyochongwa mistari midogo midogo, na mistari hiyo ilikuwa imelainika pale kiganja kinapokaa. Joanitha aliigeuza. Chini ya mshikio, mahali panapoingizwa kile kisanduku cha risasi kiitwacho magazini, palikuwa na tundu tupu.

"Magazini iko wapi, mzee?"

"Iko ndani ya maji."

"Ilianguka?"

Dismasi alimtazama mkewe. "Iliingia ndani ya maji," alisema.

Joanitha aliipeleka chumbani, akaipa namba, akaiweka rafu ya juu. Alijua kutoka mafunzoni kwamba bastola ya aina ile, ukiitoa magazini, kifyatulio hakifanyi kazi, hata kama risasi imebaki ndani ya mtutu. Kwa hiyo alichokuwa nacho rafuni, kwa hesabu ya serikali, ni silaha moja. Kwa hesabu ya kweli kilikuwa kipande cha chuma chenye umbo zuri.

Na lilikuwa umbo zuri, huwezi kukataa. Haikuchukua muda Joanitha akagundua kwamba wanaume wa kituoni wamepata ugonjwa. Mmoja alikuja kuuliza kama kuna betri za tochi, na betri za tochi hazijawahi kukaa chumba cha silaha tangu dunia iumbwe. Mwingine alikuja kukagua kama paa linavuja, wakati ule ukiwa ni wa kiangazi. Wote, wakishamaliza shida zao za uongo, waliinua macho rafuni. "Sajini, ile ya mzee… nishike kidogo?" Akiwapa, walikuwa wanafanya mambo yale yale. Kwanza waliipima uzito, wakainamisha kichwa. Kisha walivuta ile sehemu ya juu nyuma na kuiachia, wakasikiliza mlio wake, mlio mzito wa kitasa kizuri kinachojifunga. Kisha walikaa kimya kama watu waliokumbuka marehemu.

Joanitha alijiambia kwamba ni utoto. Lakini siku za kusafisha aliiacha ya mwisho, kama mtu anayeacha kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Ukiishika ilikuwa ya baridi, halafu taratibu ilichukua joto la mkono wako ikalitunza. Nyundo yake, kile kichuma kinachogonga risasi, ilikaa nje, nyuma, unaiona kama imelala au imeamka, haikukuficha kitu. Vipande vyake vilitoka vyenyewe bila kulazimishwa na kurudi mahali pake bila kubembelezwa. Katika chumba kile kulikuwa na bunduki mpya za kila aina ambazo zilimtoa kucha. Hii haikuwahi kumkwaruza.

Dismasi na Mariana walipelekwa kambini, ndani huko, mbali na mji. Lakini kila alipopata kibali cha kuja mjini, mzee alipita kituoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Naulizia mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa hajambo," alijibu Joanitha.

"Anakula mafuta?"

"Anakula."

Sheria haikumruhusu kumpa aishike, na hakumpa hata mara moja. Ila hakuna sheria iliyokataza kuisafisha mlango ukiwa wazi, huku raia amekaa kwenye benchi nje akitazama. Hivyo ndivyo walivyofanya, mwaka ukaingia mwaka. Mzee alielekeza kwa kidevu. "Pale chini ya nyundo, mama. Pale vumbi linapenda." Joanitha alikuwa anajua, lakini aliitikia. Alikuwa mbali na kwao, na hakukuwa na mtu mwingine mji mzima aliyejali vumbi liko wapi.

Siku moja, kitambaa kikiwa mkononi, Joanitha aliuliza jambo ambalo watunza silaha wenye busara hawaulizi. "Mzee, hii umewahi kumwelekezea mtu?"

Dismasi alifikiri. "Kazini, hapana. Kazini ilikuwa inazuia makaratasi yasiruke na upepo. Nilimwelekezea mtu mmoja tu, siku ya kuvuka."

Akamsimulia. Siku ile ufukwe wa kwao ulikuwa umejaa watu, na milio ya bunduki ilisikika milimani. Boti iliyobaki ilikuwa moja, ya mtu wa Kibirizi, huku huku Kigoma, aitwaye Leonardi, naye alikuwa ameipakia magunia ya kahawa na hakutaka watu. Mariana kabla ya hapo alikuwa ameshika magazini ya mumewe na kuitupa majini, akisema kwamba hawezi kwenda kuomba hifadhi nchi ya watu akiwa amelalia risasi. Dismasi akabaki na chuma kitupu. Akamsogelea Leonardi, akamwelekezea. Tundu la chini alilifunika kwa kiganja cha mkono wa pili. Leonardi akashusha kahawa, akapakia watu mpaka maji yakawa yanachungulia ndani.

"Hakujua?" aliuliza Joanitha.

"Hata leo hajui. Ananisalimia muzuri kabisa."

Joanitha aliyaweka maneno yale alikoweka mengine ya namna hiyo, mahali pasipo na rafu.

Mwaka wa elfu mbili kituo kilipata mkuu mpya, Mkaguzi Benedict, mtu wa Songea, kijana kwa cheo chake, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko barabara zetu zinavyostahili. Alikuja na bastola yake mpya kutoka Dar es Salaam, mwili wake wa plastiki ngumu, nyepesi kama kopo. Ilikuwa silaha nzuri. Joanitha aliifungua akakiri. Lakini Benedict alipoingia chumba cha silaha kwa mara ya kwanza, macho yake yalipanda rafuni, na Joanitha akajua kwamba huyu naye ameambukizwa.

Kilichofuata ni ziara ya mgeni mkubwa bandarini. Asubuhi yake Benedict alikuja.

"Sajini, leo nitavaa ile."

"Afande, ile haipigi. Haina magazini."

"Sitaki kupiga mtu. Nataka kuvaa. Hii yangu kwenye mkanda inaonekana kama nimebeba sabuni."

"Afande, ile ni kielelezo."

"Ni amri, Sajini."

Amri ni amri. Joanitha alimpa, akamsainisha, akaipaka mafuta kabla haijatoka kama mama anayempaka mtoto anayekwenda kwa watu asiowapenda. Ziara ilikwenda vizuri. Mgeni alimpa Benedict mkono na kutazama mkanda wake, na Benedict aliridhika.

Angerudi kituoni moja kwa moja, yasingetokea mengine. Lakini akirudi alipitia Kibirizi, akakuta wenye maboti na wauza dagaa wanagombea nafasi ya kutia nanga, makasia yameshapanda juu. Mbele kabisa alisimama Leonardi, mtu mnene wa kifua, amekamata kasia kama mwiko wa sherehe. Benedict aliamuru watu watulie. Hawakutulia. Basi akachomoa ile bastola akamwelekezea Leonardi.

Leonardi aliitazama. Kasia likaanguka. Mikono ikapanda yenyewe.

"Hiyo tena!" alisema.

Ufukwe wote ukanyamaza. Katika ule ukimya, mpagazi mmoja, mkimbizi aliyewahi kuwa askari kwao, aliyekuwa amechuchumaa juu ya gunia lake na kuiona bastola kwa chini, alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia: "Afande, samahani. Hiyo haina magazini. Tundu naliona."

Benedict aliigeuza akatazama. Akairudisha kiunoni. Alichoandika baadaye kwenye taarifa ni kwamba ugomvi ulimalizika kwa amani, na kwa kweli ulimalizika, maana watu wanaocheka kiasi kile hawawezi kupigana. Jioni bastola ilirudi mezani kwa Joanitha. Benedict hakuiomba tena.

Aliyekuja siku iliyofuata ni Leonardi. Aliketi kwenye benchi la nje, mahali pale pale alipozoea kuketi Dismasi, akavua kofia.

"Dada afande, niambie kweli. Ile bastola ilipofika kwako mara ya kwanza ilikuwa na magazini?"

Joanitha angeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya ofisi. "Haikuwa nayo," alijibu.

"Ilianguka njiani?"

"Haikuwemo kabla hamjaondoka."

Leonardi aligeukia ziwa. Ndipo alipoanza kusema, na Joanitha akaacha kitambaa. Mwaka ule wa kwanza, alisema, aliwaambia watu kwamba alilazimishwa kwa bunduki. Baadaye aliacha kutaja bunduki. Wakimbizi aliowavusha walikuwa wakimwona sokoni wanamsimamisha, wanawashika watoto mkono na kuwaambia, msalimieni babu, huyu ndiye aliyetutoa. Kuna mtoto amepewa jina lake. Naye alianza kusimulia kwamba alipoona wale akina mama roho ilimuuma, akashusha kahawa mwenyewe. Alisimulia mpaka akaamini. Na Dismasi, ambaye walikutana mara kwa mara, hakuwahi kumsahihisha.

"Sasa mimi ni nani?" aliuliza Leonardi. "Nikisema nilitishwa, nilitishwa na nini?"

Joanitha alimwambia kwamba Jumamosi yuko mapumzikoni, na kama anataka kwenda kambini kumwuliza mwenyewe, atafuatana naye.

Walikwenda juu ya lori la mahindi, wamefunikwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, hata walipofika watoto wa kambini waliwakimbia. Dismasi alikuwa nje ya nyumba yake ya tofali za udongo akitengeneza kitanda. Alimwona Leonardi, akamwona Joanitha, akaweka nyundo chini.

"Ulinitisha kwa chuma kitupu," alisema Leonardi, hata salamu hakutoa.

"Sikukutisha. Nilikuonyesha tu. Kuogopa njo wewe uliogopa."

"Na kama ningekataa?"

"Ningeirudisha mfukoni, nikuombe."

"Ningekataa!"

"Najua," alisema Dismasi. "Ndiyo sababu sikuanza na kuomba."

Mariana alitoka ndani akiwa anafuta mikono. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na Joanitha hakuwahi kumsikia akiongea zaidi ya salamu. "Magazini niliitupa mimi," alimwambia Leonardi. "Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Lakini ulipofika katikati ya ziwa ulikuwa unajua kwamba mume wangu amelala. Alilala kabisa, anakoroma, na bastola iko chini ya mguu wake. Ungeweza kuichukua. Ungeweza kuturudisha. Ulivua koti lako ukamfunika mtoto wa watu. Nilikuwa natapika, lakini naona."

Leonardi alikuwa amelisahau lile koti. Ilionekana usoni kwake kwamba anajaribu kulikumbuka na hawezi, na kwamba angetoa kitu kikubwa sana aweze. Dismasi alivuta stuli. Mariana akaleta ugali wa muhogo na dagaa, na kwa kuwa hakuna Mha kama Leonardi wala Mbembe kama Dismasi anayegombana mbele ya dagaa, walikula. Joanitha, ambaye kwao ni ndizi, alikula pia. Safari ya kurudi Leonardi hakusema neno mpaka Gungu, pembeni mwa mji, na aliposema ilikuwa kumwambia dereva apunguze mwendo.

Miaka mitatu minne ikapita. Likaja agizo kwamba silaha zote zilizosalimishwa ufukweni ziharibiwe, na ni agizo ambalo Joanitha hakuwa na ubishi nalo. Ililetwa mitungi ya gesi ya kuchomelea, akaja fundi kutoka bandarini aitwaye Martini, na rundo likamwagwa uani. Bunduki zilikatika mbili mbili. Joanitha alizitoa ndani yeye mwenyewe, moja moja, na zile zilizomkwaruza kwa miaka alizitoa haraka.

Ya Dismasi aliitoa mwisho. Aliketi nayo mezani akaifungua vipande vyote, akavifuta, akapaka mafuta, hata pale chini ya nyundo. Akaiunga. Akavuta ile sehemu ya juu akaiachia, akasikiliza. Akavuta tena, akajikasirikia. Haikuwa jambo la maana kuililia bastola. Alikuwa amewaona watu ambao bastola zimewaliza kweli. Akaipeleka nje.

"Hii mbona inang'aa?" aliuliza Martini.

"Kata," alisema Joanitha.

Martini alikata. Moto ulishika mafuta kwanza, ukatoa moshi mweusi kidogo, kisha chuma kikawa chekundu, kikakubali. Ilichukua muda mrefu kuliko zingine, na Martini alilalamikia gesi yake.

Habari alimpelekea Dismasi mwenyewe, kwa mguu wake, kwa kuwa hakutaka ifike kwa midomo ya watu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama iliumia. Joanitha alisema hapana. Mariana alisema, "Mungu ashukuriwe," akaingia ndani kuweka chai.

Mwaka uliofuata wakimbizi wa Kongo walianza kurudi kwao kwa meli, na Dismasi na Mariana walijiandikisha. Siku ya kuondoka Leonardi alikuja bandarini na familia nzima, amevaa suti ambayo ilikuwa imepishana na mwili wake zamani, akawabebea mizigo mpaka kwenye ngazi. Kuna mtu alimwonyesha mwanawe kidole na kusema, huyu ndiye aliyetuvusha. Leonardi alifungua mdomo, akamtazama Dismasi. Dismasi alikuwa anatazama meli.

"Niliwavusha," alisema Leonardi. "Sikutaka, lakini niliwavusha." Yule mtu alidhani ni utani wa Waha, akacheka, akapanda.

Joanitha alihamishwa kwenda Lindi, kwenye kituo kikubwa chenye chumba cha silaha chenye feni. Bastola zote zilikuwa mpya, za plastiki, na alizipenda kwa haki: hazishiki kutu hata kwenye upepo wa chumvi, hazichoshi kiuno, na zinapiga panapoelekezwa. Alipoulizwa na wakuu kama anazipendekeza, alizipendekeza. Alifanya kazi pale mpaka alipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna askari aliyekuja kumwuliza kama ana betri za tochi. Mwanzoni alifurahi kwamba sasa anaweza kufanya kazi bila kusumbuliwa. Baadaye alinunua redio ndogo, akaiweka juu ya meza, akawa anasikiliza taarifa ya habari.